Malenga Asiye na Bunduki

Korosho zikichomwa kienyeji, kwenye debe lililotobolewa matundu, hutoa moshi mweusi unaoshika kooni na kuwasha macho. Wengi huukimbia. Mimi husimama. Juzi nilishuka Mlandizi kwenda kumwona mdogo wangu, nikamkuta mama mmoja nyuma ya vibanda anachoma za kwake, nikasimama upande ule ule upepo unakopeleka moshi, mpaka yule mama akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu. Akanipa korosho moja ya moto, nikairusharusha viganjani, nikaila pale pale.

Mtu niliyemkumbuka ni shangazi yangu Mwanaidi, dada mkubwa wa baba. Alikuja kijijini kwetu katika msimu wa korosho, mimi nikiwa bado mdogo wa kutumwa chumvi, na nilimsubiri kwa hamu ambayo sijamsubiria mtu mwingine tena maishani. Sababu ya hamu hiyo ni kwamba nilikuwa nimelielewa vibaya neno moja.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Gwata. Wakati huo kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi asubuhi, kuta zake bado zinanuka udongo mbichi. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa kwake, na minazi yake na makaburi yake. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini tukasogezwa pamoja. Sisi wenyeji tukapata mstari wa juu. Mstari wa chini wakapata watu wa bara, ambao wazee wao walikuja zamani kukata mkonge wasirudi tena kwao. Hatukuwa na ugomvi. Tulisalimiana, tulizikana, tuliazimana moto. Ila kulikuwa na shamba la kijiji.

Zamani kila mkulima alikuwa na dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo mtu hukaa kulinda mazao wanyama wasiyale. Mtu halali na muhogo wake uko hatarini. Lakini shamba la kijiji lilikuwa la wote, na dungu lake lilikuwa moja, na ulinzi ulikuwa wa zamu. Zamu zilipangwa mkutanoni, zikapigiwa makofi, watu wakaenda kulala. Mstari wa juu walisema leo ni zamu ya mstari wa chini. Mstari wa chini walisema wao walilinda juzi. Nguruwe pori hawakuwa na mkutano. Walikuja tu, wakafukua, wakala, na walichoshindwa kukila wakakivuruga.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aibu ilikuwa ikimwingia upesi kuliko watu wengine. Alipoona dungu halina mtu, akaenda yeye. Kesho yake akaenda tena. Mama alilalamika, akasema, "Shamba la kijiji zima, analinda mume wangu peke yake?" Baba akajibu kwamba mtu akiona moto haulizi ni wa nani. Ikawa hivyo, kwa muda, mpaka alfajiri moja akaletwa na watu wawili wamemshika kwapani. Nguruwe dume alikuwa amemkuta chini, kabla hajapanda dungu, akamchana mguu kwa pembe zake za mdomoni kuanzia chini ya goti hadi karibu na kisigino.

Nakumbuka damu ilivyokuwa nyeusi kwenye msuli wake. Nakumbuka mama akichana khanga bila kulia, meno ameyabana. Daktari msaidizi wa zahanati alikuja kumshona, akasema mguu utapona lakini asikanyage chini mpaka yeye aseme.

Wiki hiyo mwenyekiti wa kijiji alikuja kumpa baba pole. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa kukaa kwenye kiti cha mgongo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, natwanga kisamvu polepole ili nisikie.

"Balozi," alisema mwenyekiti, "nimeita mikutano. Nimebembeleza. Nimetisha. Hawanisikii. Muhogo ule ukiisha, kiangazi hiki tutakula nini?"

Nilisikia kitanda cha baba kikilia alipogeuka.

"Dawa iliyobaki ni moja. Binti yangu anaolewa mwezi huu. Kijiji chote kitakuwepo, na afisa wa kilimo wa wilaya nimemwalika. Naomba tumlete yule malenga."

"Malenga yupi?"

"Unamjua. Wa Chole."

Nilisikia baba akivuta pumzi. "Mwenyekiti, yule ni dada yangu, namfahamu kuliko wewe. Mkimleta, msije mkasema sikuwaambia."

"Tumlete tu."

Mchi ulisimama mkononi mwangu. Malenga! Mimi kulenga nilikujua vizuri. Kaka zangu wa jirani walilenga njiwa kwa manati, na aliyekuwa hodari zaidi tulimwita mlengaji. Malenga, basi, atakuwa mkubwa wa walengaji wote. Na kumbe ni shangazi yangu, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, kwa kuwa Chole ya Kisarawe ilikuwa mbali na nauli haikuwa kitu cha mchezo. Jioni hiyo, mama akipepeta mchele, nilimuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia siri.

"Mama, huyo malenga ana bunduki?"

Mama alikuwa na mawazo mengi. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu baba aumie. "Wifi yangu? Bunduki ya nini? Mdomo wake unamtosha. Akikulenga yule hakukosi. Waulize wanaume wa Chole."

Sikulala vizuri. Niliwaona wanaume wa Chole wamelala chini mmoja mmoja. Nilimwona shangazi akipuliza sindano za sumu kwa mdomo kupitia mwanzi, maana niliwahi kusikia kwamba kuna watu huwinda hivyo. Asubuhi nilimweleza rafiki yangu Neema, binti wa Mwalimu Elia wa mstari wa chini, kwamba nguruwe wamekwisha. Neema akawaeleza wengine. Kabla ya mapumziko, shule nzima ilijua kwamba mwindaji wa kike anakuja kutoka Kisarawe, anaua bila bunduki, na ni shangazi yangu. Siku hizo nilitembea kifua mbele.

Ujumbe ulipelekwa kwa mdomo na dereva wa lori la korosho, na shangazi akaja na lori hilo hilo liliporudi. Tulimpokea barabarani. Alishuka kwa tabu, mwanamke mrefu, mwembamba, wanja umekolea machoni, amejifunga khanga mpya ambayo bado ilikuwa ikikwaruza. Kichwani alikuwa na kikapu, na kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichozungushiwa kitambaa. Kumbe anayo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Sikudhani? Umefanana na bibi yako masikini, pua na yote. Chukua huu mwavuli, usiuburuze."

Ulikuwa mwavuli.

Alipoingia ndani na kuuona mguu wa baba, alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto, kwa sauti, bila kujificha. Alipomaliza kulia alipangusa macho, akaanza kumsema. "Mjinga we. Tangu utoto ndiyo tabia yako. Kila mtu akikimbia, wewe unabaki kushika mlango." Baba alitabasamu tu. Niliona kwamba anafurahi kusemwa.

Nilivumilia mpaka alipokunywa chai. Alipenda chai ya sukari nyingi, na kila akimaliza kikombe alikitazama ndani kama anayeshangaa ilikokwenda.

"Shangazi, utawapiga lini?"

"Kina nani?"

"Nguruwe."

Alinitazama. Akamtazama mama. Mama akaziba mdomo kwa upande wa khanga.

"Nani kakwambia mimi mwindaji?"

"Mwenyekiti kasema wewe malenga."

Walicheka, mama na shangazi na hata baba kitandani, aliyekuwa akicheka huku akishika mguu. Shangazi alipoona uso wangu aliacha. Akanivuta akanikalisha kati ya magoti yake.

"Mwanangu, malenga ni mtu wa kutunga nyimbo. Mashairi. Huimba ngomani, watu wakaitikia. Basi. Hata panya sijawahi kuua."

Nyimbo! Nililia. Nililia kwa sababu ya mguu wa baba, na kwa sababu ya muhogo, na kwa sababu shule nzima ilikuwa ikisubiri. Nguruwe na nyimbo wapi na wapi? Shangazi hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanipa kipande cha kashata kutoka kikapuni na kusema, "Kulia kuzuri. Kesho utanipeleka nikalione hilo shamba."

Shuleni kesho yake ikawa balaa. Watoto walinizunguka wakitaka habari za bunduki, na Neema ndiye aliyenitetea, akasema labda shangazi anaificha. Kelele zikamfikia Mwalimu Elia. Alikuwa mtu wa mbali huko Nyanda za Juu, mrefu, anayesema Kiswahili cha kitabu na kuchukua muda kuchagua kila neno. Tulidhani atachapa mtu. Badala yake alichukua chaki, akaandika ubaoni maneno manne, moja chini ya jingine: malenga, mshairi, mtunzi, manju.

"Haya yote," alisema, "ni majina ya mtu anayefanya kazi moja. Kazi ya shangazi yake Sikudhani."

Akatueleza kwamba manju ndiye anayeongoza nyimbo za ngoma. Akasema mtunzi ni mtu anayetunga. Alipofika kwenye mshairi, akasema neno hilo limetoka kwa Waarabu, na kwamba huko kwao shina lake ni kuhisi, kujua jambo kwa moyo kabla hujalijua kwa macho. "Kwa hiyo mshairi, asili yake, ni mtu anayehisi."

Mtoto mmoja akauliza, "Na malenga, mwalimu?"

Mwalimu akautazama ubao kwa muda. "Malenga sijui," akasema. "Siwezi kusema ni kulenga, na siwezi kusema si kulenga. Nitakwenda kumuuliza mwenyewe."

Alikuja kweli, alasiri, amevaa shati lililopigwa pasi. Shangazi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anachoma korosho, moshi unamzunguka, naye hajali. Mwalimu alikohoa mpaka machozi yakamtoka ndipo akaweza kuamkia.

"Habari za hapa, Bi Mwanaidi."

"Nzuri, mwalimu. Hamia upande huu, utakufa."

Alimuuliza. Shangazi akabangua korosho mbili kwa jiwe kabla ya kujibu. "Jina nimelikuta. Bibi yangu aliitwa hivyo, na yeye alilikuta. Ukimkuta mtu anaitwa Juma, humuulizi kwa nini si Jumatano. Kutunga ndiyo nakujua. Ushanga unatungwa, samaki wanatungwa, na wimbo nao unatungwa. Unachukua kimoja, unachukua cha pili, na uzi lazima uwe mzima. Na huko shuleni nasikia umesema mshairi ni nani?"

"Ni mtu anayehisi. Ndiyo asili ya neno."

Shangazi aliacha kubangua. Alimtazama mwalimu kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu yake.

"Wameisema wenyewe, hao Waarabu?"

"Ndiyo."

"Basi walikuwa watu wa akili," alisema polepole. "Maana mimi kila wimbo hulia kwanza. Nikishindwa kulia, siutungi. Nilidhani ni ugonjwa wangu. Mume wangu wa kwanza alisema ni ugonjwa. Wa pili hakusema, alinirudisha kwetu tu." Akacheka, lakini si sana. "Niandikie hilo neno chini hapa, mwalimu. Kusoma bado najifunza, lakini mwandiko wake nautaka."

Mwalimu akachuchumaa akaandika kwa kijiti juu ya mchanga. Shangazi akalizunguka lile neno akilisoma silabi moja moja, na jioni, alipofagia uwanja, alilikwepa.

Nilimpeleka shambani. Nilitarajia atasema kitu, lakini alitembea tu. Aliangalia mashimo, aliokota muhogo ulioliwa nusu akaunusa, akafika chini ya dungu ambapo majani yalikuwa bado na madoa. Hapo alisimama. Nikaona mabega yanatikisika, nikajua analia, na mara hii sikushangaa, maana nilijua kazi imeanza.

Siku zilizofuata alizunguka kijiji kizima nami nikiwa nyuma yake. Alikaa kisimani na wanawake wa mstari wa chini, akala ugali wao, akacheka nao. Alikaa barazani kwa wazee wa mstari wa juu. Hakumlaumu mtu. Kila mahali aliuliza swali moja: hawa nguruwe wakoje? Watu walimjibu kwa furaha, kila mmoja na kisa chake, maana kuwasema nguruwe kulikuwa rahisi kuliko kujisema wenyewe.

Nyumbani, mbele ya debe la korosho, alikuwa akivumisha sauti, akihesabu kwa vidole, akiacha, akianza tena. Siku moja alikwama. "Wanakuja pamoja, hilo nimelipata. Wakishafika wanafanyaje?" alijiuliza.

Nikamwambia alivyosema baba: kwamba mmoja husimama ametega masikio wakati wengine wanafukua, kisha yule akienda kula, mwingine husimama mahali pake.

Alinigeukia. "Wanapeana zamu?"

"Baba kasema."

"Zamu!" Alinishika mashavu kwa mikono yenye masizi ya korosho. "Mwanangu, Mungu akuweke."

Nilikaa na masizi hayo usoni siku nzima, nikakataa kunawa.

Mkesha wa harusi alimwimbia baba, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mama alikuwa amekaa mkekani, mimi nimemlalia. Wimbo ulikuwa mfupi:

Nguruwe wana umoja, wanakuja kwa shirika,
Hupangana kwa pamoja, na zamu zao hushika,
Sisi twamwacha mmoja, mguu ukachanika,
Nani mwenye ujamaa, ni nguruwe ama watu?

Mama alisema, "Mmh!" Baba alijiinua kwenye mto. Sikuwahi kumwona na uso ule. Ilikuwa hofu.

"Dada, hilo neno la mstari wa mwisho liondoe."

"Lipi?"

"Ujamaa. Sema umoja. Umoja hauna kesi."

"Umoja nimeshaliweka juu. Na hapo mizani itapelea."

"Bora mizani ipelee kuliko mimi nipelekwe! Afisa wa wilaya atakuwepo. Unataka kuwaambia watu wazima, Waislamu, kwamba nguruwe amewashinda, tena kwa siasa?"

"Sijasema amewashinda. Nimeuliza."

"Dada."

"Salumu," alisema shangazi, na sauti yake ikawa laini. "Mimi nimetoka Chole kwa sababu ya mguu wako. Kama ungekuwa wa mtu mwingine ningetunga cha kuchekesha, nikala pilau, nikarudi. Hiki ndicho nilichokihisi pale chini ya dungu. Kingine sina."

Baba aligeukia ukutani. Mama akazima taa.

Harusi ilikuwa alasiri, kwenye uwanja wa katikati ya mistari miwili. Pilau lilikuwa limeliwa, watoto wameshiba hadi wanalala wamekaa. Baba alibebwa na kitanda chake cha kamba, akawekwa mbele kwa heshima, mguu juu ya mto. Karibu naye alikaa mwenyekiti, na kando ya mwenyekiti afisa wa kilimo, kijana wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Ngoma zililia, wanawake wakacheza, kisha mpigaji akapunguza na shangazi akaingia uwanjani peke yake na mwavuli wake umefungwa, ameushika kama fimbo.

Alianza kwa kumsifu bibi harusi na mama yake. Watu wakaitikia, vigelegele vikapigwa. Kisha akabadili sauti, akaanza wimbo wa nguruwe.

Mstari wa kwanza watu walicheka. Wa pili walicheka zaidi, wakapigana mabega. Wa tatu kicheko kikafa. Niliona macho yakienda kwenye mguu wa baba na kuukimbia. Na alipofika kwenye ule wa mwisho, ambao ndio wa kuitikiwa, alisimama, akanyoosha mwavuli kuelekea kwa watu, akangoja.

Hakuna aliyeitikia. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Kuku mmoja alipita uwanjani akidonoa wali. Mwenyekiti alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, na afisa alikuwa akimtazama mwenyekiti. Shangazi akaurudia mstari ule, sauti ikatetemeka kidogo mwishoni, na bado uwanja ukawa kimya. Wimbo usioitikiwa humrudia mwenyewe kama mate yaliyotemwa juu, na nilimwona shangazi yangu, mrefu vile, akianza kupungua mbele ya macho yangu. Nilitaka kuitikia lakini sikuthubutu.

Ndipo baba akaitikia.

Baba hakuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na aliikosea tuni. Alishika kingo za kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtoka, akaimba peke yake mbele ya afisa na kijiji kizima: "Ni nguruwe ama watu?"

Shangazi aligeuka akamtazama. Sijui walichosemezana kwa macho. Alirudia mstari, na mara hii baba aliitikia pamoja na mama, kisha na mwanamke mmoja wa mstari wa chini, mama yake Neema, aliyekuwa na sauti nene ya kanisani, kisha wengine, na mpiga ngoma akaamka. Ilipofika mara ya nne au ya tano wazee walikuwa wakiimba huku wamefunika nyuso kwa kofia, wanaume wanacheka na kujipiga mapaja kwa aibu, uwanja mzima unaulizana: ni nguruwe ama watu? Mimi niliimba mpaka sauti ikakauka. Ndani ya wimbo ule mlikuwa na neno langu.

Afisa alicheka baada ya kuhakikisha kwamba mwenyekiti anacheka. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema maneno machache tu. "Yule mama ameuliza swali. Mimi silijibu. Mtalijibu nyinyi, shambani."

Walilijibu. Siku ya tatu baada ya harusi wanaume wa mistari yote miwili walitoka asubuhi na nyavu, mikuki, mbwa na madebe ya kupiga, wakauzunguka msitu wa bondeni. Tulisikia kelele zao mpaka adhuhuri. Nguruwe waliouawa walichukuliwa na watu wa mstari wa chini, na jioni hiyo huko chini kulinukia nyama ya kuchoma na huku juu tulikaa tumeziba pua, na kila upande uliridhika kwa namna yake. Madungu mengine yakajengwa pembe zote za shamba, na kwa kila zamu akawekwa mtu wa juu na mtu wa chini, wapate mtu wa kupiga naye soga. Siwezi kudanganya kwamba shamba lile liliendelea miaka na miaka. Lakini kiangazi hicho tulikula muhogo, mkavu na mbichi, na hakuna nyumba iliyozima moto kwa kukosa cha kupika.

Shangazi alikaa mpaka baba alipoweza kukanyaga. Alinifundisha kuhesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane kule, na alicheka sana shairi langu la kwanza, lililokuwa linamsifu mbuzi wetu. Hakulirekebisha. Alisema uzi ni mzima, shanga ndizo bado.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza, mama na mimi, kwa miguu hadi Mlandizi, maana lori la korosho lilikuwa limepita mapema. Njiani tulikuta wanawake wa kijiji cha mbele wakipalilia mpunga, wameinama safu moja, wanaimba. Tulipokaribia nikausikia. Ulikuwa wimbo wetu. Lakini walikuwa wameugeuza. Nguruwe walikuwa wamekuwa ndege wanaokula mpunga, mguu uliochanika haukuwepo, na kituo, ule mstari wa kuitikiwa, walikivuta kwa sauti nyingine, tamu zaidi. Nilimtazama shangazi nikidhani amekasirika.

"Hamjambo huko?" aliwaita.

"Hatujambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wimbo mzuri huo. Kautunga nani?"

Waliinuka, wakatazamana. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Aa, huu? Huu wa zamani, mama. Wa wazee wetu."

Nilifungua mdomo. Shangazi akanibana mkono, si kwa nguvu, akatikisa kichwa. Aliweka kikapu chini, akakaza khanga yake kiunoni, akasimama pale kwenye tuta la jaruba akisubiri. Wale wanawake wakainama tena, yule mwenye mtoto akaanzisha, na ilipofika zamu ya waitikiaji, shangazi yangu aliitikia pamoja nao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejifunza.